Mama Nakala Amwandikia Mwalimu

Mimi ni fundi saa, na kazi hii siku hizi inampa mtu nafasi kubwa ya kutazama watu. Zamani mtu akichelewa alilaumu saa yake, akaniletea. Siku hizi analaumu simu, na simu mimi sizijui wala sitaki kuzijua. Kwa hiyo nakaa kwenye meza yangu ndani ya korido, nabadilisha betri mbili tatu kwa siku, na muda uliobaki naangalia chumba cha jirani yangu. Mlango wake hauna siri. Akiufunga tu, joto la printa linamtoa mbio.

Jirani huyo tunamwita Mama Nakala. Anaandika barua za watu. Ukimwendea na shida yako, haulizi kwanza unataka kusema nini, anauliza, "Nakala ngapi?" Ukijibu moja, anakutazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. "Moja unampa yeye. Ya kwako iko wapi? Kesho akikana, utamwonyesha nini, kiganja?" Basi mtu anachukua tatu, na anaondoka akijiona mtu wa maana.

Chumba chenyewe kina kompyuta moja, printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, na benchi la watu wanne linalokaliwa na sita. Kwenye kompyuta amepanga makabati yake: MAOMBI, MALALAMIKO, SHUKRANI, RAMBIRAMBI, na la mwisho MENGINEYO, ambamo huwa wanaingia wanaotaka kuposa. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kumwona akianza na ukurasa mtupu. Ukija kuomba kazi, anafungua barua ya aliyeomba kazi mwezi uliopita, anamtoa yule, anakuweka wewe, anageuza mistari miwili, kwisha. Dakika nne. Nimempima kwa saa, tena saa nzuri.

"Shida za watu ni zile zile," huniambia. "Yanayobadilika ni majina."

Mwaka juzi alinishangaza. Alifunga chumba saa kumi na moja kamili, akatoka na begi mgongoni. Nikamuuliza, "Dada, safari ya wapi?" Akasema, "Shule." Nikacheka, nikadhani utani. Haukuwa utani. Alikuwa amejiandikisha kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, amalizie sekondari aliyoiacha akiwa na miaka kumi na tano. Tangu hapo akawa anakuja asubuhi na madaftari, na wateja wakikosekana ananiuliza maswali ya historia. Nikikosea anafurahi kuliko nikipatia.

Mwalimu wao wa jioni ni kijana. Mama Nakala ana binti, kifungua mimba wake, na huyo mwalimu ni rika la binti. Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa kwanza, kabla hata ya mtihani wenyewe. Mwalimu anaingia darasani, anakuta watu wazima arobaini wamesimama wima, wengine wana mvi, wanasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Naye anajikuna shingo, hajui apokee au aamkie yeye. Mama Nakala alikuwa akitatua jambo hilo kwa kuchelewa kidogo, ili akifika salamu ziwe zimekwisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike insha ndefu ya historia ya mahali anapopajua, kisha aisome mbele ya darasa siku ya Jumatatu. Asiyesoma, jina lake haliendi kwenye orodha ya watahiniwa, na bila orodha hakuna mtihani mpaka mwaka mwingine. Mama Nakala aliandika historia ya korido letu. Alinihoji mimi mwenyewe mara mbili, na mara zote mbili nilidanganya kidogo. Insha ilikamilika wiki mbili kabla ya siku yake. Jumatatu hiyo, saa tisa mchana, binti yake akashikwa na uchungu.

Alikaa hospitalini siku tatu. Alhamisi asubuhi akatokea kwenye korido macho mekundu, uso unang'aa, bibi mpya kabisa. Tulimshika mikono, tukampongeza, aliyekuwa na biskuti akampa biskuti. Halafu akakaa kwenye kiti chake na uso ukabadilika.

"Fundi," akaniita. "Majina yanapelekwa kesho saa sita mchana. Sikusoma."

"Mpigie simu mwalimu."

"Hapokei. Mchana anafundisha shule nyingine. Alituambia mwenye shida aandike barua pepe, ataijibu akipumzika."

"Sasa tatizo ni nini? Wewe si ndiyo kazi yako?"

Kinyozi hajinyoi, wanasema, na akijinyoa hujikata. Nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote, lakini kuuona kwa macho niliuona asubuhi ile.

Alianza kwa kufungua kabati la MAOMBI. Akaandika, akanisomea kwa sauti: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi niliyetajwa, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote..."

"Dada," nikamkatiza, "unaomba kusoma insha au unaandika wosia?"

Akafuta. Akachukua nyingine, iliyowahi kuandikwa kwa mkubwa fulani wa ofisi. Hiyo ilianza na heshima, ikafuatiwa na taadhima, ikateremka kwenye unyenyekevu, na ilipofika "mimi mja wako nisiyestahili" nikamwambia hata muuaji haombi hivyo. Mama mmoja kwenye benchi akasema imependeza sana, iachwe. Wakaanza kubishana.

Halafu ikaja salamu. Ampe mwalimu shikamoo? Mtoto wa juzi! Amwambie hujambo? Mwalimu wake! Benchi zima likawa na maoni. Mzee mmoja mwembamba, ambaye tunamwita Mzee wa Jogoo kwa sababu nitakayoeleza, akapiga fimbo sakafuni. "Mwalimu ni mwalimu, hata awe ananyonya!"

"Basi kamwamkie wewe," Mama Nakala akamjibu.

"Mimi nimekuja kwa shida yangu. Au nisubiri mpaka mjukuu wako aolewe?"

Shida yake tuliijua. Jirani yake ana jogoo anayewika saa tisa usiku, na huyu mzee amekuwa akimwandikia barua kwa miezi mitatu. Nyumba zao zinagusana. Niliwahi kumuuliza kwa nini asimgongee tu mlango wakaongea, akanijibu, "Mlango hauna nakala." Kwa mambo ya nakala, huyo ni mwanafunzi wa Mama Nakala kabisa.

Basi Mama Nakala akaiweka yake kando, akafungua MALALAMIKO, akamaliza ya mzee kwa dakika zake nne. Nakala tatu. Mzee akaondoka akizipepea ili wino ukauke, ingawa ni miaka mingi tangu wino uache kukaushwa kwa kupepea.

Sasa kichwa cha mwanamke huyu kilikuwa kimeshachemka. Hakuwa amelala vizuri siku tatu, benchi lilikuwa linapiga kelele, na saa ilikuwa inakimbia. Akafanya alivyozoea. Barua iliyokuwa mbele yake akaifuta kwa juu, akaandika yake, akainakili yote, akaibandika kwenye barua pepe, akabonyeza. Imekwenda. Akashusha pumzi. Kisha, kwa mazoea yale yale, akachapa nakala ya kuweka. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi, naye akaisoma akiwa amesimama.

Nilimwona akikaa bila kutafuta kiti kilipo. Bahati nzuri kilikuwa nyuma yake.

Nikainuka, nikaichukua ile karatasi. Mwanzo wake ulikuwa mzuri. "Mwalimu, natumaini hujambo na kazi zinaendelea vizuri. Kwa unyenyekevu naomba uniruhusu kusoma insha yangu kesho asubuhi, kwani Jumatatu binti yangu alikuwa akijifungua." Aya iliyofuata ilisema: "Hii ni mara ya nne nakuonya kwa maandishi. Mfunge jogoo wako au mle. Akiwika tena kabla ya saa kumi na mbili, nitakuja mwenyewe na sufuria. Wako mtiifu."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka lenzi ya kutazamia saa ikanitoka jichoni. Nikawasomea wa kwenye benchi, nao wakavunjika mbavu. Yule mama aliyependa unyenyekevu akalala kabisa juu ya jirani yake. Ilichukua muda mpaka nikagundua kwamba mwenye barua hacheki.

"Mwaka wangu umekwenda," akasema.

Alisema polepole. Nikarudi kumtazama vizuri. Nimekaa mlangoni pa mwanamke huyu miaka ishirini na mbili, nimemwona akiandika mambo ya kutisha bila kupepesa, na sasa machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye vidole juu ya vitufe. Niliona haya, na niliistahili.

"Unajua nilivyoacha shule?" akaniuliza. Sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. "Mama aliugua. Nikakaa nyumbani muhula mzima kumuuguza. Niliporudi nafasi yangu ilikuwa imepewa mwingine. Kulikuwa na wasichana wengine wawili waliokosa kama mimi, lakini baba zao waliandika barua shuleni, wakangojewa. Kwetu hakukuwa na mtu wa kuandika barua, na mimi niliona aibu kuomba. Hilo tu, fundi. Karatasi moja."

Nikavuta kiti changu mpaka ndani ya chumba chake, jambo ambalo sijawahi kulifanya saa za kazi.

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia, "lakini unaweza kuchota mengine. Andika tena. Mwambie ilivyokuwa."

"Nifungue ipi?"

"Usifungue yoyote."

Akaniangalia kama nimemwambia atoke nje bila nguo. Lakini akafungua ukurasa mtupu. Akaukodolea macho. Mama wa kwenye benchi akataka kutoa pendekezo, nikamnyooshea bisibisi, akafunga mdomo. Kisha Mama Nakala akaanza kubonyeza, na haikuwa ile kasi yake ya mvua juu ya bati. Aliandika kidole kimoja kimoja, anasimama, anafikiri, anaendelea. Haikuchukua dakika nne bali arobaini. Alipomaliza alinipa niisome, na niliisoma mara nyingi kiasi kwamba naikumbuka mpaka leo.

"Mwalimu, habari za kazi. Asubuhi hii nimekutumia barua nyingine. Sehemu ya juu ni yangu. Sehemu ya jogoo ni ya mteja wangu, imebaki humo kwa uzembe wangu, na wewe huna kosa lolote. Naomba radhi sana.

"Jumatatu sikuja kusoma insha kwa sababu binti yangu alikuwa akijifungua, na hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono. Amepata mtoto wa kike, wote ni wazima. Ningeweza kukuarifu siku ile ile na sikufanya hivyo. Hilo ni kosa langu.

"Insha yangu imekamilika. Naomba nafasi ya kuisoma kesho kabla hujapeleka majina, saa yoyote utakayoona inafaa, hata kama ni mbele yako peke yako. Kama haiwezekani nitaelewa, na nitarudi mwakani. Lakini ningependa sana iwe mwaka huu.

"Sikujua kama nikuamkie kwa sababu ni mwalimu wangu, au nikusalimie tu kwa sababu ungeweza kuwa mwanangu. Tafadhali pokea heshima ya aina zote mbili. Ni mimi, wa dawati la pili karibu na dirisha."

"Iko sawa?" akaniuliza.

Mimi ni mtu wa kukosoa, kila mtu kwenye korido anajua. Nilitafuta cha kukosoa, nikakosa.

"Tuma," nikasema.

Akatuma, na tukaanza kungoja. Saa tano, kimya. Saa sita, kimya. Wateja walikuja, akawaandikia barua zao, na kila akimaliza moja anachungulia sanduku la barua pepe. Mimi nilifungua saa ya mtu, nikaifunga, nikaifungua tena bila sababu. Saa saba akasema labda mwalimu amekasirika. Saa saba na nusu akasema labda mwalimu hajaisoma. Saa nane kasoro nikamwambia akisema "labda" nyingine namnyang'anya biskuti zote za asubuhi.

Saa nane na dakika kumi alipiga yowe. Watu wa ghorofa ya juu waliteremka.

"Soma wewe," akaniambia. "Mimi macho yamekataa."

Nikasoma kwa sauti. "Mama, shikamoo. Heshima zote mbili nimezipokea, na hii ni ya kwako. Hongera sana kwa mjukuu. Barua ya kwanza niliifungua kwenye chumba cha walimu, na nikafanya kosa la kuisoma kwa sauti. Mwalimu mkuu wetu anafuga kuku, na ameomba nikuulize kama ni yeye. Kesho saa tatu asubuhi, hapa hapa chumba cha walimu. Una dakika kumi na tano. Njoo na insha, sufuria iache nyumbani."

Sijui nieleze vipi kelele iliyotokea. Mama wa kwenye benchi, ambaye barua yake mwenyewe ilikuwa imekwisha tangu saa nne lakini aligoma kuondoka bila kujua mwisho, alipiga kigelegele mpaka vioo vya saa zangu vikalia. Waliokuja kuuliza kuna moto wapi nao wakapiga bila kujua wanashangilia nini. Mama Nakala akaichapa ile barua, akaikunja vizuri, akaifungua tena.

"Humu yanaingia majibu kila siku," akaniambia, "nayachapa nawapa wenyewe. Hili ni la kwanza kuja kwangu."

Kesho yake nilifunga meza. Nilijiambia naenda kumbebea begi, lakini begi lilikuwa jepesi na yeye ana mabega kunizidi. Nilienda kwa sababu nisingeweza kukaa. Chumba cha walimu kilikuwa na meza ndefu iliyojaa madaftari, walimu watatu wanasahihisha, na mwalimu mkuu, mtu mnene mwenye tabasamu, aliyesimama kumpokea Mama Nakala na kuapa kwamba jogoo wake hulala mpaka kunapambazuka. Mwalimu wa jioni akatuvutia viti.

Akasoma. Ukurasa wa kwanza sauti ilitetemeka. Wa pili ikakaa. Ukurasa wa tatu walimu waliokuwa wanasahihisha waliweka kalamu chini, maana alikuwa amefika kwenye habari za kinyozi na fundi viatu waliogombea bomba moja la maji kwa miaka sita, na alipoisoma barua aliyomwandikia kila mmoja kumshtaki mwenzake, neno kwa neno sawa, mwalimu mkuu alilazimika kushika meza. Dakika kumi na tano zikawa ishirini na tano na hakuna aliyetazama saa, hata mimi. Palipotajwa kwamba fundi saa wa korido aliwahi kuitwa kutengeneza saa ya stesheni nzima, mwalimu akanigeukia kuuliza kama ni kweli. Nikakohoa. Mama Nakala akasema, "Nimeandika 'anadai', mwalimu. Angalia vizuri." Walicheka wote, na mimi nikacheka, ningefanya nini?

Ilipokwisha, kijana yule akamgeukia Mama Nakala. Alisema, "Asante, mama. Hii ndiyo niliyokuwa nikiitaka." Akavuta kompyuta yake, akafungua fomu ya watahiniwa, akaanza kujaza huku akimuuliza. Majina kamili. Tarehe ya kuzaliwa. Mtaa. Kisha kidole chake kikasimama.

"Mama, hapa wanataka kazi ya mtahiniwa. Niandikeje? Mpiga chapa? Au mfanyabiashara?"

Nilidhani atajibu papo hapo, mwanamke anayejaza fomu za watu kumi kwa siku. Badala yake aliangalia ile meza ya madaftari, akaangalia karatasi zake mkononi, akazipanga kingo zikalingana.

"Andika mwanafunzi," akasema.

Mwalimu akaandika hivyo, akabonyeza, jina likaenda. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Mimi nililia mbele ya walimu wote, na mwalimu mkuu akanipa leso yake.